Kipya Kinyemi: Saa ya Mkono na Umri wa Furaha

Miongoni mwa methali zinazofundishwa mashuleni mwetu ipo moja ambayo kila mwanafunzi anaijua, na pengine kwa sababu hiyo ni wachache wanaoitazama kwa makini. Methali hiyo ni "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Mwalimu huiandika ubaoni, mwanafunzi hutoa maana kwamba watu hupenda vitu vipya hata kama vina madhara, alama hutolewa, na darasa huendelea na methali nyingine. Makala hii inakusudia kuirudia methali hiyo polepole na kuiuliza swali ambalo kwa kawaida haiulizwi: huo unyemi hudumu kwa muda gani? Ili swali lisielee hewani, tutalifunga kwenye kitu kimoja kidogo kinachojulikana na kila mtu, nacho ni saa nzuri ya mkono.

Saa inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni pambo na papo hapo ni chombo cha kazi. Haivaliwi kwa urembo mtupu kama bangili, wala haitumiki bila kuonekana kama kisu cha jikoni. Pili, kwa vijana wengi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo vinavyonunuliwa kwa fedha ya jasho lao wenyewe. Tatu, saa ndiyo inayohesabu siku. Chombo kinachovaliwa kwa furaha ndicho hicho kinachopima umri wa furaha yenyewe.

Wala swali hili si la mchezo. Kwa upande mmoja wapo vijana wanaokopa ili wavae, na nyumba zinazopunguza chakula ili mtu mmoja aonekane. Kwa upande wa pili wapo wakubwa wanaomhubiria kila kijana kwamba kutamani ni upungufu wa akili, ilhali mikono yao wenyewe inang'aa. Baina ya makundi hayo mawili panahitajika hukumu ya haki, na methali yetu, ikisomwa vizuri, inaweza kutusaidia kuitoa.

Methali yenyewe

Neno nyemi lina maana ya furaha au raha. Siku hizi halisikiki sana nje ya methali na mashairi. Kinyemi, basi, ni kitu chenye kufurahisha. Silabi ki inayojirudia katika kipya, kinyemi na kidonda huyafunga maneno hayo matatu kama shanga katika uzi mmoja, hata sikio likayapokea kana kwamba ni ya ukoo mmoja kabla akili haijapata nafasi ya kushangaa. Na mshangao upo. Kitu kipya kufurahisha si ajabu. Lakini kidonda chawezaje kuwa kinyemi?

Jibu la kawaida ni kwamba methali imetia chumvi. Jibu hilo halitoshi. Hebu tumtazame mtu aliyejikata leo. Kidonda chake hukitazama mara kwa mara, hukigusa pembezoni, hukifunga kitambaa cheupe. Kila akutanaye naye humwuliza amepatwa na nini, naye husimulia, na katika kusimulia huko mna ladha. Hupewa pole, hupokewa mzigo, husogezewa kiti. Baada ya majuma mawili kidonda hicho hicho, hata kama bado kinauma, hakiulizwi tena. Kikikataa kupona huitwa donda ndugu. Twaweza kulisoma jina hilo kwamba kidonda kimekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hapewi pole kila asubuhi.

Kwa hiyo methali haisemi kwamba kidonda ni kizuri. Inasema kwamba unyemi haumo ndani ya kitu. Umo katika upya wake, yaani katika macho yanayokigeukia, macho ya mwenyewe na macho ya watu. Mhenga amechagua kidonda makusudi, kwa kuwa ni kitu kisicho na uzuri wowote wa kwake, ili tusije tukadhani kwamba furaha ilitoka katika kitu chenyewe. Angalisema "Kipya kinyemi ingawa kikombe," tungebaki na shaka kama furaha ni ya upya au ni ya kikombe. Aliposema kidonda aliiondoa shaka. Hiyo ni njia ya mtu anayefikiri, sio ya mtu anayetia chumvi tu.

Kijana na saa yake

Sasa tumchukue kijana aliyeajiriwa, akapokea mishahara yake ya mwanzo, akanunua saa. Hatuna haja ya kumpa jina, maana yumo katika kila mji. Furaha yake, ijapokuwa yeye aiona kuwa ni moja, ina mafungu matatu, na kila fungu lina umri wake.

Fungu la kwanza ni furaha ya kutamani. Furaha hii ilianza zamani kabla ya kununua, siku alipoiona saa ile nyuma ya kioo cha duka. Aliipita asubuhi akienda kazini, akaipita jioni akirudi. Alihesabu fedha, akajinyima hiki na kile, na kujinyima kwenyewe kukawa kutamu kwa kuwa kulikuwa na mwisho unaoonekana. Fungu hili ndilo refu kuliko yote kwa vijana wengi, nalo hufa siku ile ile ya kununua. Anapotoka dukani na saa mkononi, kile alichokuwa akikifurahia kwa miezi kadhaa kimekwisha. Amepata kingine mahali pake.

Fungu la pili ni furaha ya kuonwa. Kijana hukunja mkono wa shati ingawa hakuna joto. Akiulizwa saa ngapi, hajibu upesi. Huinua mkono taratibu, akautazama kana kwamba akrabu zimeandika barua. Furaha hii si ya kubezwa. Binadamu ni mtu kwa watu, na kutaka kuonekana kuwa umefika mahali fulani maishani ni jambo la kawaida. Lakini furaha hii ina ubovu wake: ufunguo wake umo mikononi mwa wengine. Wenzake ofisini huizoea saa kabla yeye mwenyewe hajaizoea. Na siku mwenzake atakapokuja na nzuri zaidi, furaha hiyo itakoma ghafla, ingawa saa yake haijapoteza hata sekunde moja. Lugha yetu imeshawahi kuiandika historia ya namna hiyo ya kuonwa. Baada ya uhuru, katika Afrika ya Mashariki, wenye vyeo waliotembelea magari ya Mercedes-Benz waliitwa Wabenzi. Watu walipachikwa kiambishi cha ngeli ya watu kwenye jina la gari, kana kwamba hilo lilikuwa kabila lao. Katika neno hilo mna kicheko, na mna onyo pia: ajitambulishaye kwa kitu ataitwa kwa kitu hicho, na kitu kikiondoka jina litabaki halina mwenyewe.

Fungu la tatu ni furaha ya kufaidika: kuwahi gari la asubuhi, kumpa mgonjwa dawa kwa saa zake, kufika mkutanoni bila kuhema. Hili ni fungu la ajabu, kwa sababu halihisiwi. Huonekana pale tu saa inaposimama. Mtu anayeifungua saa yake iliyokwisha betri na kukuta alama ya mkanda tu juu ya ngozi, akautazama mkono mtupu mara kumi kwa siku, ndiye anayejua kwamba saa ile ilikuwa ikimfaa.

Mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 18, Denis Diderot, aliongeza jambo moja katika insha yake fupi juu ya joho jipya la nyumbani. Joho lilipoingia, kila kitu kingine chumbani kilianza kuonekana kikuukuu, na mwenyewe akajikuta akibadilisha kimoja baada ya kingine. Vivyo hivyo saa mpya hudai shati, shati hudai viatu, na viatu huona haya kukanyaga sakafu ile. Basi furaha ya kitu kipya inaweza kufa kwa njia mbili: kwa kuzoewa, au kwa kuzaa matamanio mengine yanayoila.

Bei hununua nini?

Yupo atakayesema kwamba furaha hufa upesi kwa sababu kijana alinunua saa hafifu, na kwamba angalinunua iliyo bora zaidi angaliishi nayo kwa raha. Hoja hii inastahili kujibiwa, kwa maana ndiyo inayouza saa nyingi.

Mwaka 1759 mwanafalsafa wa Uskoti, Adam Smith, alimweleza mtu anayeidharau saa yake kwa kuwa huchelewa dakika mbili kwa siku. Mtu huyo huiuza kwa gini mbili hivi, akanunua nyingine kwa gini 50, ambayo haipotezi zaidi ya dakika moja kwa majuma mawili. Kazi ya saa, asema Smith, ni kutujulisha wakati ili tusivunje ahadi zetu. Lakini mtu huyu mwenye saa kali hatumkuti kuwa mwepesi wa kutimiza miadi kuliko watu wengine. Kilichomvutia ni ukamilifu wa mtambo. Kujua wakati hakukumshughulisha sana. Smith aliandika hayo wakati ambapo saa zilitiwa mfukoni. Mkononi hazikuenea kwa wanaume mpaka Vita Vikuu vya Kwanza, 1914–1918. Hata hivyo mtu wake twamjua.

Karne mbili na zaidi zilizofuata zimeithibitisha hoja hiyo kwa namna ambayo Smith mwenyewe hangeweza kuiwaza. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono ya kwanza yenye kuongozwa na fuwele inayotetemeka kwa nguvu ya betri. Iliitwa Astron, ikauzwa kwa yeni 450,000, bei iliyokaribia ile ya gari dogo nchini Japani wakati huo, na ilitazamiwa kukosea sekunde 5 tu kwa mwezi. Ilikuwa ni maajabu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, kampuni ya Casio ilitoa F-91W, saa ya plastiki yenye mtambo wa jinsi hiyo hiyo, inayotazamiwa kukosea si zaidi ya nusu dakika kwa mwezi, nayo hata leo huvaliwa na wanafunzi duniani kote kwa bei ndogo. Upande wa pili, saa za fahari za Uswisi zinazokwenda kwa kamani hupewa cheti cha usahihi ikiwa kwa wastani hazikimbii zaidi ya sekunde 6 kwa siku wala hazichelewi zaidi ya sekunde 4. Sekunde 6 kwa siku ni dakika 3 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba saa ya tajiri, pamoja na cheti chake, yaweza kukosea mara sita zaidi ya saa ya mwanafunzi.

Tuyatafakari mambo haya. Kile ambacho mwaka 1969 kilikuwa muujiza kwa bei ya gari, baada ya miaka 20 kilifungwa mkononi na mtoto wa shule bila kumshangaza yeyote. Manufaa hayakupungua, upya ndio ulioondoka, na unyemi ukaufuata. Na yule anayelipa fedha nyingi kwa saa ya kamani halipii wakati. Hulipia ufundi wa mikono, jina, na macho ya watu. Ufundi wa mikono ni jambo la kuheshimiwa, na anayeuelewa aweza kuufurahia maisha yake yote kama mtu afurahiavyo nakshi za mlango wa Lamu au wa Unguja. Lakini ni wanunuzi wangapi wanaofungua kifuniko cha nyuma wakatazama ndani? Wengi hununua la tatu, yaani macho ya watu, nasi tumekwisha kuona umri wake.

Kwa Waswahili lipo jambo jingine la kuchekesha na la kufundisha. Saa zote hizo, za bei kubwa na ndogo, hutoka viwandani zikihesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia macheo. Akrabu fupi ikisimama kwenye 7 asubuhi, twasema ni saa moja. Ikisimama kwenye 1 mchana, twasema ni saa saba. Kwa vizazi kadhaa sasa mamilioni ya watu wamekuwa wakiitazama saa na kupunguza au kuongeza sita bila hata kujua kwamba wanafanya hesabu. Basi saa haikutufundisha wakati. Sisi ndio tuliomfundisha mgeni huyu kusema lugha ya nyumba. Jambo hilo halimfurahishi mtu kwa sababu halionekani, lakini ndiyo namna bora kuliko zote ambayo kitu cha nje kimepata kuwa chetu.

Fasihi yetu yasemaje?

Washairi na waandishi wetu wameligusa jambo hili mara nyingi, ingawa si kwa jina la saa. Mfano mkubwa ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate zama mji huo ulipokwisha kuporomoka. Mtunzi anausema moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa za kung'ara na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri, kisha anauonyesha ukiwa: ndege wamefanya makao pale palipokuwa na vyombo. Utenzi huu hufundishwa kama onyo juu ya anasa, na ni kweli ni onyo. Lakini msomaji makini ataona kwamba mtunzi amevitaja vitu vile kwa mapenzi makubwa hata vimebaki viking'ara katika Kiswahili baada ya kuvunjika katika Pate. Hakuwa mtu asiyejua uzuri. Alijua uzuri, ndiyo maana akaumia.

Hata hivyo tusiuombe utenzi huo jibu la swali ambalo haukuliuliza. Al-Inkishafi inazungumzia vitu vinavyotoweka pamoja na wenyewe. Tatizo la kijana wetu ni jingine: saa ipo nzima, mwenyewe yu hai, mshahara unaendelea, na furaha peke yake ndiyo iliyokufa. Kifo hicho cha furaha katikati ya neema ni msiba mdogo usiopigiwa matanga, na kwa sababu hiyo mtu hukimbilia kuufunika kwa kununua tena.

Hayati Shaaban Robert aliikaribia mada hiyo zaidi katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufariki kwake. Utubora anaiacha kazi ya mshahara na kwenda kulima Busutamu. Kitabu chenyewe kimejaa sifa za kazi ya mikono, na mhusika anapata utulivu ambao ofisi haikumpa. Hapa mhakiki ana mambo mawili ya kusema. La kwanza ni la kusifu: Shaaban Robert hakumfanya Utubora kuwa mtawa anayekaa bure na kuidharau dunia, alimpa jembe. Furaha yake imo katika kazi inayoanza upya kila asubuhi, kwa hiyo haina siku ya kuzoewa. La pili ni la kuuliza: Utubora aliacha alichokuwa nacho. Je, yule ambaye hajawahi kuwa na mshahara aache nini? Kuridhika kwa mtu aliyeonja ni hekima. Kuridhika anakolazimishwa mtu asiyeonja chaweza kuwa kifungo.

Methali isigeuzwe kufuli

Swali hilo latuleta kwenye jambo zito kuliko yote katika makala hii. Methali ya kipya kinyemi, na mahubiri yote juu ya ufupi wa furaha ya vitu, yanaweza kutumiwa vibaya. Mwenye nacho aweza kumwambia asiye nacho: "Usitamani, hata ukipata utazoea." Maneno hayo yana ukweli kuhusu saa. Hayana ukweli kuhusu mkate, paa, wala dawa.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelijaribu jambo hili. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, wakiwalinganisha na watu wengine 22 wa kawaida. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha iliyozidi ya wenzao kwa kiasi cha kuhesabika. Tena walipata raha ndogo zaidi katika mambo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula chakula cha asubuhi. Uchunguzi huo ulipata umaarufu mkubwa, na watu wengi waliufanya ushahidi kwamba mali haina maana yoyote. Lakini watu 22 ni wachache. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi mkubwa zaidi juu ya washindi wa bahati nasibu nchini Uswidi, nao ulionyesha kwamba waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa miaka zaidi ya kumi, bila dalili ya kufifia, ingawa athari katika furaha ya siku kwa siku ilikuwa ndogo zaidi.

Matokeo haya mawili si lazima yapigane. Twaweza kuyapatanisha kwa kutenga vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: kupambwa na kuondolewa dhiki. Pambo huzoeleka. Dhiki iliyoondoka, kama ada ya shule isiyolipika au hofu ya kufukuzwa na mwenye nyumba, huacha nafasi ambayo maisha hujengwa juu yake kwa miaka. Kwa hiyo mtu asiitumie methali yetu kumnyamazisha anayedai haki ya maisha bora. Mhenga alisema kipya. Hakusema cha lazima.

Mgeni na jembe lake

Turudi sasa kwenye swali letu la kwanza. Furaha ya saa nzuri hudumu kwa muda gani? Methali nyingine inajibu kwa hesabu: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huisoma kama methali ya ukali kwa wageni. Tukiisoma taratibu tutaona ina ukarimu ndani yake. Haisemi siku ya tatu mfukuze. Inasema siku ya tatu ugeni wake umekwisha, naye sasa aingie katika kazi ya nyumba, ale kama wenyeji kwa kuwa analima kama wenyeji. Saa mpya nayo ni mgeni. Siku zake mbili, ziwe siku au majuma, ni za kushangiliwa, wala hapana ubaya kuzishangilia. Swali la maana ni hili: siku ya tatu umempa jembe gani?

Jamii zetu zina ujuzi mkubwa katika jambo hili. Tazama khanga. Hununuliwa doti, hupindwa, huvaliwa kwanza harusini au sikukuu. Kisha hutokewa sokoni. Ikipauka huvaliwa nyumbani, ikilainika hubebea mtoto, ikichanika hupigia deki. Katika safari hiyo yote hapana siku ambayo mwenyewe husema furaha yake imekufa. Imebadilishwa kazi tu, na mara nyingi ile ya mbeleko ndiyo inayokumbukwa zaidi kuliko ya harusini. Tazama pia nguo mpya za Idi au za Krismasi. Mila imeupa upya siku yake maalumu, na watoto wa mtaa mzima wakavaa vipya kwa pamoja. Furaha hiyo ni fupi, lakini hakuna anayedanganywa kwamba itakuwa ndefu, na kwa kuwa ni ya wote haitegemei kumzidi jirani.

Kadhalika saa. Ile inayotolewa na watoto kwa baba yao anapostaafu, ile aliyoiacha marehemu kaka, ile inayopelekwa kwa fundi mara ya tatu ingawa mpya ingegharimu kidogo kuliko matengenezo, zote hizo zilikwisha kupoteza upya wake zamani. Huvaliwa kwa sababu zimefungamana na mtu, au na kazi, au na ahadi. Ndiyo maana pia wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Hausifiwi na mtu. Lakini ndio unaokaliwa.

Walimu wanaofundisha fasihi simulizi wangefanya vyema kuzisomesha methali hizi tatu kwa pamoja badala ya kuzitenga moja moja. Ya kwanza yaeleza chanzo cha unyemi, ya pili yaeleza ukomo wake, na ya tatu yaeleza kinachobaki. Zikipangwa hivyo, mwanafunzi ataona kwamba methali si majibu ya mtihani yaliyokatwakatwa, bali ni mazungumzo ya watu waliofikiri kwa muda mrefu, wakikosoana na kukamilishana. Na mwanafunzi aulizwe pia maswali ambayo vitabu vya maana za methali havimjibii: Ni kitu gani ulichokitamani mwaka jana ambacho leo hukioni ingawa unacho? Ni kipi kikuukuu nyumbani kwenu ambacho kikipotea leo nyumba nzima itakitafuta?

Kijana mwenye saa mpya, basi, hastahili kuchekwa wala kuhubiriwa. Aachwe akunje mkono wa shati kwa siku zake mbili. Siku ya tatu aulizwe kwa upole kama anafika kazini mapema kuliko zamani, kama mama yake mgonjwa anapata dawa kwa wakati, kama aliyemwahidi saa kumi alimkuta saa kumi. Akijibu ndiyo, saa hiyo imepata jembe, na bei yake, iwe kubwa au ndogo, imekwisha kulipwa. Akijibu la, asiende dukani kutafuta nyingine. Ile aliyonayo bado haijaanza kazi.